Kila Mtu na Neno Lake

Kiwanja cha Mbao cha Gurcharan Singh,
Parklands, Nairobi.
Jumapili, 9 Novemba 1958

Kwa ndugu yangu mkubwa Nashon,

Pokea salamu nyingi kama kumbikumbi baada ya mvua, wewe na shemeji Nanyama na wote wanaokula chungu kimoja nanyi huko Bunyore. Je, kifua chako kimetulia? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa, au bado anatuahidi tu? Sisi huku tu wazima kwa rehema za Mungu. Peres alisumbuliwa na jino, likang'olewa, na sasa amerudia kusema kwa nguvu zake zote. Watoto wanakula kama nzige. Mimi mwenyewe ni mzima ila nywele; zile chache ulizoziona ulipokuja mwaka juzi nazo zimekwenda kuwafuata wenzao.

Barua yako ilinifikia Jumanne. Nimeisoma mara tatu nikitafuta salamu, nikadhani labda umeziandika nyuma ya karatasi, nikageuza, hakuna. Mistari sita tu, na kila mmoja mzito kama gunia la mahindi. Unasema Joash, mtoto wa jirani yetu, alisimama kanisani baada ya ibada akaeleza mbele ya watu wote kwamba binti yako Philister amekamatwa Nairobi akiiba mtihani. Unasema mchungaji anaitaka tena ile barua aliyomwandikia ya kumsifu. Unasema nimpandishe gari la moshi kabla ya mwezi kwisha, ashuke stesheni ya Luanda, arudi nyumbani, na habari ya uuguzi isitajwe tena bomani mwako.

Ndugu yangu, nimekasirika. Tangu Jumanne natembea kati ya mbao nikisema peke yangu, hata Bwana Singh amemwuliza Peres kama nimeanza kulewa mchana. Sikukasirikia barua yako. Wewe ni baba, na baba aliyeaibishwa kanisani hana nafasi ya salamu. Nimemkasirikia Joash, ambaye hakuwa hata karibu na ukumbi wa mtihani. Siku hiyo alikuwa River Road akichagua viatu. Habari aliipata kwa mtu aliyeipata kwa mtu, akaipakia kwenye gari la moshi pamoja na viatu vyake, na kufika huko ilikuwa imenenepa. Sasa kaa kitini, mwite shemeji naye asikie, nikueleze jambo lenyewe tangu mzizi.

Unamkumbuka Tobias, yule mrefu wa kule Kisa anayepeleka barua katika ofisi ya mawakili mjini? Mwaka jana aliomba kupandishwa awe karani. Akaandika barua ya Kiingereza kwa mkono wake, maandishi mazuri kama ya Biblia. Ikarudishwa imejaa wino mwekundu. Makosa kumi na matatu, na yote kumi na matatu ni ya vile vijineno vyao vidogo vya herufi mbili tatu, "in" na "on" na "at" na "to" na "of". Hakukosea jina la mtu wala tarehe wala adabu. Kwa vijineno tu wakamwambia aendelee kubeba bahasha. Akaniletea barua ile hapa stoo nimweleze kosa ni nini, kana kwamba mtu anayehesabu mbao ni profesa. Mimi nami, badala ya kusema sijui, nikavaa miwani. Huo ndio mwanzo wa yote.

Ndugu yangu, umewahi kukaa ukavitazama vijineno hivyo? Ni uonevu mtupu. Sisi tuna "kwa" yetu, na tuna "ni" ya kubandika mwishoni, na kwa hizo mbili tunaingia mezani, mlangoni, mjini, kwa daktari, kwa mguu, kwa furaha, na hakuna mtu aliyepotea. Mwingereza hataki. Kila neno lake kubwa limeoa kijineno chake, na ukilikuta na kingine ni kama umelikuta na hawara. Mtu akiogopa ni lazima aogope na "of". Akitegemea ategemee na "on". Na usiulize kwa nini, maana nimeuliza. Ndeti, Mkamba mmoja anayepika kwa Wazungu kule Kitisuru, alitaka aelezwe kwa nini akiwa ndani ya motokaa Mwingereza anasema yumo ndani, lakini akiwa ndani ya basi anasema yuko juu ya basi. Akasema yeye amepanda mabasi miaka ishirini na walio juu ni kuku na vitanda. Nikamwambia ndivyo kitabu kinavyosema. Akasema basi aliyeandika kitabu hajapanda basi. Na mimi nilipojifunza kwamba Mwingereza haoi "with" mtu bali huoa "to" mtu, nilimwuliza Peres yeye ameolewa na mimi kwa "to" au kwa "with". Akasema yeye ameolewa tu, na kuni zimekwisha.

Basi Tobias alikuja na rafiki yake, rafiki akaja na Ndeti, na kufikia mwezi wa pili walikuwa kumi. Kila Jumamosi saa nane, msumeno ukizimwa, tunakaa juu ya mbao, mimi mbele yao na ubao mweusi uliotengenezwa na Bwana Singh mwenyewe. Yeye si mtu wa maneno mengi, lakini alipenda jambo lile. Alisema yeye Kiingereza alikipata kwa kutukanwa, na kama watu wanaweza kukipata kwa kukaa, afadhali.

Shida ilikuwa mwalimu. Nilinunua kitabu cha zamani chenye orodha ya vijineno hivyo na wake zao, arobaini na viwili kwa hesabu, nikavikariri usiku, na asubuhi vimetoka vyote kama maji kwenye kapu. Unanijua. Baba alikuwa akinituma vitu vitatu dukani narudi na kimoja na hadithi. Nikaona siwezi. Lakini nikafikiri, mtu mmoja hawezi kubeba arobaini na viwili. Watu kumi je? Nikachukua vipande vya mbao vilivyobaki, kila kipande nikakiandika neno moja na kijineno chake kwa penseli ya seremala, nikampa kila mtu chake akitunze, na vilivyobaki nikawa navisoma mwenyewe kitabuni. Tobias nikampa "afraid of". Ndeti akachukua "full of", akasema ni la wapishi. Bwana Singh aliposikia tunagawa maneno alitoka ofisini akadai lake, nikampa "made of", maana meza ni ya mbao, na tangu siku hiyo ukitaja meza popote kiwanjani anaitikia "of!" kutoka ndani kwa sauti ya kubomoa ukuta.

Sheria yetu ilikuwa moja, na uishike vizuri, maana ndiyo iliyotuponza. Neno la mtu ni la mtu. Ukisoma sentensi ukafika penye pengo, usilinyang'anye. Unamgeukia mwenyewe, wote wanamgeukia, naye anasimama wima anasema kijineno chake kwa sauti, anakaa, nasi tunaendelea. Si ndivyo tulivyolelewa? Mtu mwenye habari ndiye asemaye habari. Huwezi kumtoa mtu neno mdomoni ukalisema wewe. Ilikuwa adabu tu, na ilipendeza ajabu. Watu wazima waliokuwa wakiitwa "boi" juma zima walikuwa wakisubiri Jumamosi wageukiwe. Ndeti alikuwa akija na koti. Hata njiani walikuwa wakiitana kwa maneno yao. Mtu akitaka kumsalimu Tobias anasema, Afraid, habari za mjini?

Mtu wa kumi na mmoja alikuwa Philister. Unajua nilimchukua akae kwetu, akapata kazi ya kulea watoto kwa Bi Nurjahan, mke wa daktari hapa Parklands. Huyo mama ndiye aliyemwambia kwamba hospitali inachukua wasichana wa kusomea uuguzi Januari, lakini wanataka cheti cha Kiingereza cha watu wazima, na mtihani wake ni mwezi wa kumi. Nikamwambia binti yako aje kiwanjani, baba yako mdogo wa kizungu yupo. Akacheka, akaja. Nikampa "arrive", ambalo lina milango miwili, mmoja wa kufika mjini na mmoja wa kufika stesheni, kwa sababu nilimwona ana akili. Sikujua ni nyingi kiasi gani. Wenzake walikuwa wakitunza kila mmoja chake; yeye alikuwa akikaa kimya pale kwenye mbao za podo akisikia, na kila kijineno kilichosemwa na mwenyewe au nilichokisoma kitabuni kiliingia kichwani mwake kikafunga mlango. Kufikia Agosti alikuwa navyo vyote arobaini na viwili. Alikuwa akivisema akimwosha mtoto wa Bi Nurjahan. Mimi mwalimu nilikuwa nikimwuliza yeye kwa siri jikoni.

Siku ya mtihani, Jumamosi tarehe kumi na nane Oktoba, tulikwenda mjini kwa mguu wote kumi na mmoja na mimi, tumevaa vizuri, Ndeti na koti lake. Ukumbi uko nyuma ya Gavamenti Rodi. Watahiniwa walikuwa kama themanini kutoka kila mahali, makarani, polisi, wauguzi wanaume. Walimu tuliruhusiwa kusimama nyuma karibu na mlango. Msimamizi alikuwa memsahib mmoja mwembamba wa ofisi ya mitihani, mwenye saa kifuani na sauti ya kukata kioo. Akagawa karatasi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa sentensi ishirini zenye mapengo, na kila pengo ni la kijineno.

Ukumbi ukawa kimya. Nikaona kalamu zinakwenda. Halafu wakafika sentensi ya nne, iliyosema mtoto anamwogopa mbwa. Ndugu yangu, nikaona vichwa tisa katika ukumbi ule, kimoja huku na kingine kule, vimegeuka polepole vikamtazama Tobias. Na Tobias, urefu wote ule aliopewa na Mungu, akasimama wima, akaweka mikono ubavuni kama tulivyozoea, akasema "of!" Akakaa. Kalamu tisa zikaandika.

Kama hukucheka, basi hasira yako ni kubwa kuliko nilivyodhani. Mimi nilitaka kucheka na kulia pamoja. Kabla memsahib hajafumba mdomo wake, wamefika sentensi ya tano yenye ndoo iliyojaa maji, vichwa vimegeuka, na Ndeti amesimama na koti lake anatengeneza kola.

Memsahib akapiga meza. Akasema hiki ni nini. Akasema katika miaka yote ya kazi yake amewahi kuona watu wakinong'ona, wakiandika kwenye viganja na kwenye mikono ya shati, lakini hajapata kuona wizi unaosimama wima ukajitangaza. Wizi! Watu waliokuwa wakifanya adabu! Mwizi gani anayeweka mikono ubavuni? Tobias alijaribu kumweleza kwamba neno hilo ni lake, kwamba yeye ndiye mwenyewe, na kila alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuonekana kwamba kuna chama. Na siku hizi za Emajensi, ndugu yangu, neno chama si neno la kuchezea. Askari aliyekuwa mlangoni akasogea ndani.

Hapo memsahib akauliza ni nani aliyewapanga watu hawa. Akarudia kwa Kiswahili chake, nani mkubwa ya hii maneno. Akasema asipojitokeza, wote kumi na mmoja watafutwa na majina yao yatapelekwa mbele. Ndipo Philister akasimama. Akasema kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba ni yeye aliyewapanga, na wenzake hawana kosa, waliitii tu sheria aliyowawekea.

Memsahib akaenda akaichukua karatasi yake. Na hapa ndipo damu yangu inapochemka hata sasa, kalamu inataka kutoboa karatasi. Wakati wenzake walikuwa bado kwenye ndoo, binti yako alikuwa ameshajaza mapengo yote ishirini, peke yake, bila kumgeukia mtu, na yote ishirini ni sahihi. Unajua mama yule alisema nini? Alisema huu ndio ushahidi. Mwafrika mwanamke, yaya, kupata ishirini kwa ishirini, basi ndiye mkubwa wa wizi. Kama angekosea nusu, labda angeaminiwa! Ufahamu wake ndio uliomhukumu. Akaipiga karatasi ile mstari mwekundu toka pembe hadi pembe, akamtoa nje, na Jumatatu ikaenda barua hospitalini kwamba Philister binti Nashon si mwaminifu na asipewe nafasi. Wale kumi waliruhusiwa kuandika upya kwenye karatasi nyingine, wakiwa wamepangwa kila mmoja na ukuta wake. Tobias alipata moja. Ndeti alipata moja. Kila mtu alipata lake alilopewa, na moja moja hazimfanyi mtu karani.

Basi nilimkasirikia mama yule majuma matatu. Nilimkasirikia mezani, nilimkasirikia kanisani wakati wa kuimba. Nilimwambia Peres kwamba watu hawa walitufundisha kwamba mtu akiwa na chakula agawe, na tukigawa maneno wanaita askari. Nilisema maneno mazuri sana, Nashon. Peres alikuwa akinisikiliza huku akichambua mboga, na siku moja, bila kuinua kichwa, akaniuliza swali ambalo najua nawe unajiuliza tangu ukurasa uliopita. Kama Philister hakuwapanga wale watu, kwa nini alisimama?

Nilitoka nje nikaenda kuhesabu mbao nilizokuwa nimezihesabu asubuhi.

Nakujibu wewe sasa, kwa sababu barua yako ya mistari sita imenibana ukutani, na kwa sababu siwezi kumpandisha mtoto gari la moshi akiwa amebeba mzigo wangu.

Memsahib alipouliza ni nani aliyewapanga, mimi nilikuwa hatua nane kutoka kwake. Swali lilikuwa langu. Kila mtu kati ya wale kumi na mmoja alijua ni langu, na sikuona hata mmoja akigeuka kunitazama. Walinifichia kwa adabu ileile niliyowafundisha, wakisubiri mwenyewe aseme. Na mwenyewe hakusema.

Nikuambie sababu, si kujitetea. Nilikuandikia mwaka jana kwamba nina kibali cha kukusanya watu, maana siku hizi watu weusi hawakai kumi mahali pamoja bila karatasi ya Bwana DO wa serikali. Nilimwambia hivyo Bwana Singh pia, naye akaniachia kiwanja. Sikuwa na kibali, Nashon. Sikukiomba. Ili kukiomba ningeandika barua kwa Kiingereza, na niliogopa mimi mwalimu nirudishiwe na wino mwekundu, Bwana Singh aione, Tobias aione. Basi nikanyamaza, Jumamosi baada ya Jumamosi. Askari aliposogea ndani ya ukumbi niliona vitu vyote kwa mara moja, kazi, chumba chetu hapa kiwanjani, watoto watano shuleni, mimi nikirudishwa nyumbani kwa amri na mfuko mmoja. Nikatazama viatu vyangu.

Hiyo ndiyo hasira yangu yote. Nimeizungusha mji mzima, nikamwekea memsahib, nikamwekea Joash, nikaiwekea hata lugha ya watu, na wao wana makosa yao na siwaondolei hata moja. Lakini kila nilipomaliza kuwagawia, sehemu yake kubwa ilikuwa imebaki mkononi mwangu.

Alhamisi niliomba ruhusa nikaenda ofisi ya mitihani. Kwanza nilimwambia Bwana Singh habari ya kibali. Akasema nimemfanya yeye kuwa mwongo katika kiwanja chake mwenyewe, na kwamba hilo tutalizungumza, lakini sasa niende, nisichelewe, wanafunga saa sita. Memsahib alinipokea nikiwa nimesimama. Nilimweleza yote, sheria ya neno na mwenyewe, vipande vya mbao, kibali, na kwamba msichana alikuwa akiandika peke yake. Kiingereza changu kilivunjika kila mahali na sikukiokota. Aliniuliza kwa nini sikusema siku ile. Nikamwambia niliona ni rahisi zaidi yeye awe mbaya. Akanitazama sana. Sitakudanganya kwamba aliomba radhi. Watu hao hawaombi. Lakini aliagiza iletwe karatasi ya Philister, akaitazama upya, akaandika kwamba Philister atafanya mtihani mwingine Jumamosi tarehe ishirini na mbili, peke yake chumbani, na akifaulu ile barua ya hospitalini itafutwa. Kisha akasema habari ya mkutano bila kibali si yake kuificha, ataipeleka kunakohusika. Jana askari ameniletea karatasi. Jumatano saa tatu nasimama mbele ya Bwana DO. Huenda ikawa faini, huenda nikafungwa kidogo, huenda mimi ndiye nitakayeshuka Luanda. Darasa nimelifunga. Tobias na wenzake nilikwenda kuwaomba msamaha mmoja mmoja. Ndeti alisema atanipikia uji gerezani, kwamba wali wa Wazungu wake hauwezi kupita getini.

Philister hayuko kwangu tena. Kesho yake baada ya mtihani alihamia chumba cha nyuma kwa Bi Nurjahan, nami nikawaambia watu ni kwa ajili ya kazi. Alhamisi jioni nilimfuata kumpa habari. Nilimkuta anaanika nguo za watoto. Nilimwomba msamaha, nikamshukuru kwamba alinipenda kiasi cha kusimama badala yangu. Akasema hapana. Akasema hakusimama kwa kunipenda. Alihesabu tu: mimi nina watoto watano na yeye hana hata mmoja. Akasema pia kwamba kabla ya kusimama aligeuka kuangalia kama nitasema, akaona mguu wangu mmoja umeshatoka nje ya mlango.

Nashon, mguu huo mimi siukumbuki. Nimejaribu kila siku tangu Alhamisi kuukumbuka, na siwezi. Ninavyojua mimi nilisimama pale nikitazama viatu vyangu. Lakini yeye ndiye aliyeuona, nami namwamini.

Sasa ninakuomba mambo mawili, na sina haki ya kukuomba hata moja. La kwanza, usimwite nyumbani. Mwache afanye mtihani wake tarehe ishirini na mbili. Yeye mwenyewe amesema haji, na alilisema kwa upole, lakini nilikusikia wewe ndani ya sauti yake, na unajua wewe ukisema siji, huji. Mwandikie, na safari hii uweke salamu.

La pili, Jumapili ijayo, watu wakiisha kuimba na kabla hawajatoka, simama palepale aliposimama Joash uwasomee barua hii. Najua mtu anayesoma barua mbele ya watu huruka panapouma. Usiruke. Soma mpaka mguu, usome polepole, na wakikuuliza ni ndugu yako yupi, wataje jina langu lote, la baba na la babu, wasije wakadhani ni mwingine.

Nisalimie shemeji Nanyama, nami najua hatazipokea salamu hizo mwezi huu. Nisalimie wazee, mabinti, na walioko shamba. Peres anawasalimu, na watoto. Nitakuandikia baada ya Jumatano kama nitakuwa mahali penye kalamu.

Ni mimi, mdogo wako,

Zadock Angatia Omwenga